Je, Chema Chajiuza? Somo Juu ya Santuri za Bei Nafuu na Muziki Uliosahauliwa

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii twaijua sote, na katika vyumba vya madarasa yetu imeandikiwa insha nyingi. Leo nataka tuipime kama vile fundi apimavyo ubao kabla ya kuukata. Je, ni kweli kwamba kitu chema hujiuza chenyewe? Na kama ni kweli, mbona ziko kazi njema za muziki zilizolala katika makabati miaka mia na zaidi, wala hapana aliyezisikia?

Wale waliopita nyuma ya bwalo Jumamosi jioni muhula huu wamesikia fidla, tarumbeta na ngoma kubwa zikilia humo ndani. Wengine wameniuliza, "Mwalimu, huo ni muziki wa kanisani, au wa sinema?" Mzazi mmoja aliyekuja kulipia mahitaji ya mwanawe aliuliza kwa upole kama jambo hili litawasaidia watoto katika mtihani. Maswali yote mawili ni ya haki. Makala hii ni jibu langu.

MUZIKI GANI HUU?

Muziki tunaousikiliza katika Chama chetu cha Muziki ulitungwa Ulaya na Marekani, mwingi wake katika karne ya 19. Wenyewe huuita muziki wa Kiromantiki. Jina hilo lisikudanganye. Si nyimbo za mapenzi peke yake. Maana yake ni kwamba watungaji wa wakati ule walitaka muziki useme mambo ya moyoni na ya ulimwengu: huzuni, fahari ya nchi ya mtu, misitu, milima, dhoruba, na hadithi za kale. Baadhi yao ni mashuhuri dunia nzima, kama Schubert, Chopin, Liszt, Brahms na Tchaikovsky.

Mtu wa Karatu hana haja ya kufasiriwa sana jambo hili. Panda alfajiri hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mara nyingi utakuta ukungu umeijaza, huoni chini wala ng'ambo. Kisha jua hupanda, ukungu hupasuka, na mara bonde zima hulala wazi mbele yako, mita mia sita chini ya miguu yako. Hapana mtu asemaye neno. Basi, kile kitu kinachokukaba koo wakati ule, ndicho watungaji wale walichojaribu kukiandika kwa noti.

Kazi kubwa ya aina hii huitwa simfonia. Hupigwa na okestra, yaani kundi la wapigaji sitini, sabini, hata tisini, wenye fidla, zumari, tarumbeta, pembe na ngoma, wakiongozwa na mtu mmoja asimamaye mbele yao. Kwa desturi simfonia huwa na sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu hapana kupiga makofi.

KWA NINI MUZIKI HUSAHAULIWA?

Ziko sababu nyingi, lakini nne zatosha kwa leo.

Ya kwanza ni gharama. Okestra ya watu sabini haikusanyiki kwa maneno matupu. Sharti walipwe, tena sharti wafanye mazoezi. Mwenye ukumbi huogopa viti vitupu, kwa hiyo hupenda kurudia kazi zilizokwisha kupendwa. Hivyo kilicho maarufu huzidi kuwa maarufu, na kisichojulikana huzidi kufichika.

Ya pili ni mtindo. Kila kizazi hudharau nguo za baba zake, na muziki nao huvaliwa na kuvuliwa vivyo hivyo.

Ya tatu ni ubaguzi. Mtungaji akiwa mwanamke, au mtu mweusi, mlango ulifungwa kabla noti zake hazijasomwa.

Ya nne ni karatasi. Muziki ulioandikwa kwa mkono ukikaa nakala moja tu ndani ya sanduku, hatima yake iko mikononi mwa mchwa, moto na warithi wasiojali. Hapa ndipo methali nyingine inapopata nguvu: "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Angalia kwamba katika sababu hizi zote nne hatukutaja ubovu wa kazi yenyewe. Kazi mbovu zilizosahauliwa zipo, tena ni nyingi, nazo tuziache zipumzike. Lakini kusahauliwa peke yake si ushahidi wa ubovu.

KAMPUNI YA BEI NAFUU

Mwaka 1967 Mjerumani mmoja, jina lake Klaus Heymann, alihamia Hong Kong, akawa mfanyabiashara huko. Mwaka 1982 alianzisha kampuni ya santuri aliyoipa jina la Marco Polo, yule msafiri wa zamani wa Venice, kwa kuwa nia yake ilikuwa kwenda kusikoendwa na wengine: kurekodi kazi ambazo kampuni kubwa hazikuzitaka. Miaka mitano baadaye, mwaka 1987, akaanzisha kampuni ya pili, Naxos, ambayo nia yake ilikuwa bei. Wakati huo sidii zilikuwa kitu kipya na cha ghali. Naxos iliziuza kwa kiasi cha theluthi moja ya bei ya kampuni kubwa. Baadaye nyingi katika kazi zilizorekodiwa kwa jina la Marco Polo zilitolewa tena na Naxos kwa bei hiyo ya chini.

Aliwezaje? Wanafunzi wa biashara na waangalie vizuri. Kwanza, hakuajiri wapigaji mashuhuri wenye ujira mkubwa, bali okestra hodari zisizojulikana sana, hasa za Slovakia na Hungaria. Pili, aliwalipa wapigaji ujira mmoja, mara moja, bila ya fungu katika kila santuri itakayouzwa. Tatu, hakurekodi kazi ile ile mara kumi kwa viongozi kumi. Alijaribu kuwa na nakala moja ya kila kazi, kisha akaendelea na nyingine. Nne, majalada yake yalikuwa ya kawaida tu.

Watu wengi walicheka, wakisema, "Rahisi ghali." Lakini wanafunzi, walimu na wafanyakazi wa kawaida wakanunua. Mimi pia ni mmoja wao. Sidii yangu ya kwanza niliinunua nilipokuwa chuoni, kwa fedha niliyoweka kwa kwenda kwa miguu mwezi mzima badala ya kupanda basi. Nisingeweza kununua ya bei kubwa hata kama ningetembea mwaka.

Sasa nitaeleza santuri nne ambazo Chama chetu kimezipenda. Sikuzipanga kwa ubora, bali kwa miaka waliyofariki watungaji.

1. GOTTSCHALK: USIKU KATIKA NCHI ZA JOTO

Louis Moreau Gottschalk alizaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1829. Katika mji ule alikua akisikia nyimbo na midundo ya watu weusi, ambao wengi wao walikuwa watumwa. Alipokuwa kijana mdogo alipelekwa Paris kusoma muziki. Chuo kikuu cha muziki cha huko kikakataa hata kumsikiliza, kwa sababu tu ametoka Marekani. Yeye akasoma kwa walimu wengine, akawa mpiga piano mashuhuri, akazunguka Ulaya, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini. Alifariki Brazil mwaka 1869, akiwa na miaka 40.

Simfonia yake iitwayo "Usiku katika Nchi za Joto" aliimaliza mwaka 1859. Ina sehemu mbili tu. Ya kwanza ni ya polepole, kama bahari iliyotulia kabla ya dhoruba. Ya pili ni sherehe. Ilipopigwa Havana, Kuba, mwaka 1860, Gottschalk alileta wapiga ngoma wenye asili ya Kiafrika kutoka Santiago, wakaketi pamoja na wapiga fidla. Fikiri jambo hilo: mwaka 1860, wakati utumwa ungali sheria katika kisiwa kile, ngoma ya Mwafrika imo ndani ya simfonia.

Santuri tuliyonayo ni ya Naxos, ya mwaka 2007, imepigwa na okestra ya tamasha la Hot Springs katika jimbo la Arkansas, kiongozi Richard Rosenberg. Tulipofika sehemu ya pili, vijana walioketi nyuma walianza kupiga miguu sakafuni. Sikuwakataza. Ni kweli muziki huu hauna kina kirefu. Una furaha, na furaha nayo ni kazi ngumu kuitunga.

2. RAFF: KATIKA MSITU

Joachim Raff alizaliwa Lachen, Uswisi, mwaka 1822, naye nampenda kwa sababu ya ubinafsi kidogo: alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa na fedha ya kwenda chuo kikuu, akafundisha watoto mjini Rapperswil, na usiku akajifundisha muziki mwenyewe. Mwaka 1845 alisikia kwamba Liszt, mpiga piano mkuu wa zama zile, atapiga Basel. Raff hakuwa na nauli. Akaenda kwa miguu, katika mvua. Liszt alipopata habari za kijana huyu aliyelowa, alimsaidia, na baadaye akamfanya msaidizi wake.

Baada ya mwaka 1870 Raff alikuwa miongoni mwa watungaji waliopigwa sana Ujerumani, na simfonia zake zilivuka bahari hadi Marekani. Alikufa mwaka 1882. Muda haukupita mrefu, jina lake likafutika. Sababu? Mtindo ulibadilika, tena, kwa kweli, alitunga mno. Kazi zake zilizopewa namba zapita 200, na mtu anayetunga ili apate chakula hawezi kusafisha kila ukurasa.

Lakini simfonia yake ya tatu, "Katika Msitu", ya mwaka 1869, haikustahili kufa. Mwanzo wake ni mchana msituni, na pembe zikiitana kwa mbali. Kisha huja machweo, na viumbe vya hadithi hucheza chini ya miti. Mwisho ni usiku: kimya, halafu kundi la mizimu wawindaji hupita kwa kishindo, huenda zao, na alfajiri huingia. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye kwao ni karibu na msitu wa hifadhi juu ya Karatu, alisema, "Mwalimu, hapo penye kimya ndipo palipo pa kweli kabisa. Usiku msitu haupigi kelele, unasikiliza." Sijasoma maelezo bora zaidi ya hayo katika kitabu chochote.

Simfonia hii ilirekodiwa kwa jina la Marco Polo na okestra ya mji wa Košice, Slovakia, kiongozi Urs Schneider.

3. COLERIDGE-TAYLOR: MWANA WA DAKTARI WA SIERRA LEONE

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875. Baba yake alikuwa Mwafrika wa Sierra Leone aliyesomea udaktari Uingereza, kisha akarudi Afrika Magharibi. Mama yake alikuwa Mwingereza. Mtoto alilelewa na mama yake mjini Croydon. Alifundishwa fidla angali mdogo, na mwaka 1890, akiwa na miaka 15, akaingia katika Chuo cha Kifalme cha Muziki.

Mwaka 1898 alitunga kazi ya waimbaji na okestra iitwayo "Karamu ya Arusi ya Hiawatha". Ilipendwa mara moja, ikaimbwa na vikundi vya waimbaji katika kila mji wa Uingereza, hata Marekani. Lakini Coleridge-Taylor alikuwa amekwisha kuiuza kwa mchapishaji kwa gini 15, yaani shilingi 315 za Kiingereza, mara moja na basi. Nakala zikauzwa kwa maelfu mengi. Yeye hakupata fungu. Ili alishe mke na watoto wawili ilimpasa kufundisha, kuongoza vikundi, na kusafiri huku na huko bila ya kupumzika. Mwaka 1912 aliugua homa ya mapafu, akafa, umri wake miaka 37. Habari za familia yake ziliwachoma watu wengi, na zilikuwa miongoni mwa hoja za watungaji wa Uingereza walipounda chama cha kudai haki zao mwaka 1914.

Huyu alikuwa mtu aliyejua asili yake. Mwaka 1900 alishiriki katika Mkutano wa Afrika Nzima uliofanyika London. Mwaka 1905 alitoa kitabu cha piano cha nyimbo 24 za watu weusi. Baadhi ya nyimbo hizo ni za watumwa wa Marekani, lakini zile za kwanza zimetoka Afrika ya Kusini-Mashariki, upande wa Msumbiji, ambako mmisionari Mswisi alizikusanya. Naam, nyimbo za majirani zetu, zilizowekwa katika piano na mwana wa Mwafrika, mjini London.

Tangu mwaka 1924 hata 1939 Hiawatha alichezwa karibu kila mwaka katika ukumbi mkuu wa Albert, London, waimbaji wakivaa mavazi ya Wahindi Wekundu. Kisha vita vikaja, na baada ya vita jina la mtungaji likanyamaza. Santuri yetu ya Marco Polo ina kazi zake ndogo za okestra, zikipigwa na okestra ya redio ya Ayalandi, kiongozi Adrian Leaper. Anza na "Petite Suite de Concert". Ni muziki mwepesi, wa kupendeza kama chai ya jioni. Lakini msikilizaji anayejua maisha yake husikia pia uchovu uliofichwa nyuma ya tabasamu.

4. FLORENCE PRICE: SANDUKU KATIKA NYUMBA MBOVU

Florence Price alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887. Kwa miaka yake ni mtu wa karne ya 20, lakini muziki wake umeshika njia ya Kiromantiki, ndiyo maana nimemtia hapa. Alikuwa mwanamke mweusi katika Marekani ya ubaguzi. Alisoma Boston, akafundisha, akahamia Chicago mwaka 1927. Tarehe 15 Juni 1933 okestra kubwa ya Chicago ilipiga Simfonia yake ya Kwanza. Hapakuwa na mwanamke mweusi kabla yake ambaye simfonia yake ilipigwa na okestra kubwa ya Marekani.

Ungedhani milango sasa imefunguka. La. Mwaka 1943 alimwandikia kiongozi mmoja mashuhuri wa okestra, akamweleza waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, akaomba kazi yake ipimwe kwa ubora wake tu. Alifariki mwaka 1953, na kazi zake nyingi hazijachapishwa.

Sasa sikiliza kisa. Mwaka 2009 mume na mke walinunua nyumba mbovu iliyoachwa katika kijiji cha St. Anne, Illinois. Walipoingia kuisafisha wakakuta masanduku ya karatasi za muziki. Nyumba ile ilikuwa ya Florence Price, alipokuwa akipumzika wakati wa kiangazi. Mti ulikuwa umeangukia paa na kulitoboa. Lakini upande ule zilipokuwa karatasi palikuwa pakavu. Miongoni mwake ilikuwamo Simfonia ya Nne, ya mwaka 1945, ambayo mtungaji mwenyewe hakuwahi kuisikia ikipigwa.

Mwaka 2019 Naxos ilitoa santuri yenye simfonia yake ya Kwanza na ya Nne pamoja. Waliopiga ni okestra ya Fort Smith, mji wa kawaida katika jimbo lile lile la Arkansas alikozaliwa, kiongozi John Jeter. Sikiliza hasa sehemu ya tatu ya kila simfonia, iitwayo Juba. Hii ilikuwa ngoma ya watumwa. Waliponyimwa ngoma, walipiga mapaja, vifua na viganja. Watu wa Ngorongoro hawatashangaa: jirani zetu Wamasai huimba bila ngoma hata moja, na hapana atakayesema kwamba hawana mdundo.

RAHISI KWA NANI?

Sasa yanipasa kusema jambo lisilopendeza. Nimeisifu kampuni ya bei nafuu, na sifa hizo sizirudishi. Lakini msomaji mwangalifu amekwisha kuona. Kampuni ile ililipa wapigaji ujira mmoja, bila ya fungu. Na Coleridge-Taylor je? Naye alilipwa mara moja, gini 15, bila ya fungu. Yaani njia ile ile iliyomchosha mtungaji ndiyo iliyofanya mimi na wewe tuweze kumsikia!

Tuseme nini? Katika Chama tulibishana jioni nzima. Wengine walisema mpigaji wa Slovakia alikubali mwenyewe, alilipwa, akaenda nyumbani. Wengine walisema Coleridge-Taylor naye alikubali mwenyewe. Mimi naona tofauti moja: mpigaji hupiga leo kazi hii, kesho nyingine, bali mtungaji hutoa kitu ambacho ni chake peke yake, wala hakirudi. Hata hivyo sisemi neno la mwisho. Nasema tu kwamba kila kitu cha rahisi kimelipiwa na mtu fulani mahali fulani, na msikilizaji muungwana hujiuliza ni nani. Nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Mwanafunzi anayetunga nyimbo na aisome kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.

NA SISI JE?

Mtu asidhani kwamba habari hizi ni za Ulaya na Marekani peke yake. Afrika Mashariki nasi tuna santuri zetu na usahaulifu wetu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba maskini ya wafinyanzi. Mwaka 1928 kampuni ya santuri, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimsafirisha yeye na wenzake hadi Bombay, wakarekodi. Santuri hizo zilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa za nyimbo za Kiswahili, zikasikiwa mwambao wote na bara. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Lakini santuri za wakati ule zilivunjika kama sahani za udongo, na leo nyingi hazionekani.

Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake, akarekodi nyimbo na ala za Wagogo, Wahehe na wengineo. Mwaka 1954 aliunda maktaba ya muziki wa Kiafrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Baadaye kampuni ndogo ya Uholanzi, SWP, ikatoa sidii mbili za rekodi zake za Tanganyika za mwaka ule. Watu walioimba mbele ya kipaza sauti chake wengi wamekufa. Sauti zao zipo.

Na Karatu? Babu yangu, aliyeishi upande wa Rhotia, alikuwa mnenaji wa slufay, zile dua ndefu za Wairaqw ambazo mzee mmoja hunena na wengine huitikia. Nilimsikia mara nyingi nikiwa mtoto. Nilipokuwa chuoni, nikitembea kwa miguu ili ninunue sidii ya muziki wa Ulaya, yeye alikuwa hai bado. Sikumrekodi. Sikuandika hata mstari. Nilidhani ataendelea kunena siku zote. Alifariki kabla sijamaliza masomo, na sehemu kubwa ya aliyoyajua alikwenda nayo. Hapana ubaguzi wala mchwa wa kulaumiwa hapo. Mlaumiwa ni mimi.

Basi turudi kwenye methali. Chema chajiuza? Siti, kabla ya kujulikana, alikuwa akitembeza vyungu mjini, akiimba ili wanunuzi watoke. Vyungu vilikuwa vyema, na sauti ilikuwa njema kuliko vyungu; hata hivyo ilibidi vitembezwe. Nadhani wahenga walisema kweli nusu. Chema hujiuza kikiwa kimekwisha kufikishwa sokoni. Lakini sharti awepo mtu wa kukibeba: mwenye kuandika, mwenye kurekodi, mwenye kuuza kwa bei ya watu, na mwenye kununua ili asikilize.

Ndiyo maana mzazi yule nilimjibu hivi: huenda muziki huu hautaulizwa katika mtihani wa mwaka huu, lakini mtoto anayejifunza kusikiliza kitu asichokizoea dakika arobaini bila kuinuka, hatashindwa kukaa mbele ya babu yake akamsikiliza saa nzima.

KAZI YA LIKIZO

Kila mwanachama, na kila msomaji apendaye, afanye yafuatayo:

(a) Mtafute mzee mmoja wa kwenu, awe Mwiraqw, Mdatoga, Mhadzabe, Mmasai au mwingine yeyote, mwenye kujua wimbo, dua au ngano ya kale. Mwombe ruhusa kwanza. Kama kuna jambo la siri au la ibada ambalo hataki lirekodiwe, liache.

(b) Rekodi kwa simu ya nyumbani, mahali pasipo upepo. Taja mwanzoni jina la mzee kama ameridhia, kijiji, tarehe na lugha.

(c) Andika maneno yote katika daftari, kwa lugha yenyewe, na maana yake kwa Kiswahili. Fanya nakala mbili: moja ya kwenu, moja ya shule.

(d) Mpelekee mzee nakala ya kusikiliza, na zawadi kadiri ya uwezo wako. Kazi hiyo ni mali yake. Wewe ni mbebaji tu.

MASWALI

1. Taja sababu nne za kusahauliwa kwa muziki. Ipi iliyompata Raff? Ipi iliyompata Florence Price?
2. Eleza njia tatu zilizoiwezesha kampuni ya santuri kuuza kwa bei ya chini.
3. Gini 15 zilikuwa shilingi 315. Gini moja ilikuwa shilingi ngapi?
4. "Kila kitu cha rahisi kimelipiwa na mtu fulani." Jadili kwa ukurasa mmoja, ukitoa mfano wa Karatu.
5. Tunga methali yako mwenyewe ya kuijibu ile isemayo "Chema chajiuza". Zilizo bora zitachapwa katika toleo lijalo.